Taya la chini likibaki nyuma: kifaa kipi kwa mtoto?
(Mazungumzo ya afisa wa afya ya meno na wazazi, Kangari)

Wengi mmeniuliza kuhusu mtoto ambaye meno ya juu yametokeza na kidevu kimerudi nyuma. Mara nyingi ni taya la chini lililobaki nyuma, na akiwa bado anarefuka linaweza kusaidiwa.

Kuna Twin Block, iliyobuniwa na daktari William Clark wa Scotland mwaka wa 1977. Ni vipande viwili vya plastiki, cha juu na cha chini. Mtoto akifunga mdomo, taya hulazimika kuja mbele. Huvaliwa mchana na usiku, karibu mwaka mzima. Lakini hutoka, na ikikaa mfukoni haifanyi kazi.

Herbst hugandishwa kwenye meno. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2003 ulilinganisha vifaa hivi kwa watoto 215: kati ya wenye Twin Block, thuluthi moja hivi hawakumaliza, wenye Herbst, kama mmoja kati ya wanane. Ila Herbst ilihitaji kutengenezwa mara nyingi zaidi. Sasa mtoto yuko bweni, mtaalamu yuko Nairobi. Ikivunjika, nani atampeleka?

Msidanganywe kuhusu kidevu: mabadiliko mengi ni ya meno kusogea, taya huongezeka kidogo tu. Kuanza akiwa na miaka minane huyakinga meno ya mbele yasivunjike akianguka. Kwa mengine, anayeanza akibalehe hufika pale pale. Wasichana hutangulia, kwa hivyo msingoje amalize sekondari. Na kabla ya kuchagua, muulizeni mtoto mwenyewe kama atakivaa.