Miaka 150 Inakuja: Tumkumbuke Katekista wa Kigango

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mwanhuzi)



Nimeombwa nizungumzie sherehe na mabadiliko yanayoikabili jumuiya ya parokia. Najua kwamba sote hapa si Wakatoliki. Katika Meatu tumechanganyika: wapo wenzetu wa A.I.C., wapo Waislamu, na wapo wazee wanaoshika mila za Kisukuma. Hata hivyo, neno nililo nalo linamhusu kila mtu aliyepata kufundishwa bure na jirani yake.

Kwanza, sherehe. Tarehe 30 Desemba 1878, Wamisionari wa Afrika wa kwanza walifika Kageye, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Usukuma. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 2028 itatimia miaka 150. Sina shaka kwamba kamati zitaundwa, vitenge vitachapishwa, kwaya zitafanya mazoezi, ng'ombe watachinjwa, na barua za michango zitawafikia ninyi mlioko Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam.

Pili, mabadiliko. Jimbo la Shinyanga lilipata jina hilo mwaka 1956, likiwa chini ya Askofu Edward McGurkin wa Shirika la Maryknoll. Baadaye katika kanda hii yakazaliwa majimbo ya Kahama mwaka 1983, Geita mwaka 1984 na Bunda mwaka 2010. Parokia nazo hugawanyika vivyo hivyo; kigango cha jana ndicho parokia ya leo. Hata Serikali ilipouanzisha Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, nia ilikuwa ile ile ya kusogeza huduma karibu na watu.

Sasa, ndugu zangu, tujiulize: kabla kigango hakijawa parokia, kabla hakijapata padre wala nyumba ya bati, nani hukitunza? Ni katekista. Jumapili ambayo padre yuko kwingine, yeye ndiye huongoza ibada. Yeye hufundisha watoto na watu wazima, huwatembelea wagonjwa, na huzika wafu. Mvua inaponyesha na kila mtu anafunga plau yake kwa ng'ombe, yeye huitwa msibani, na shamba lake la pamba hungoja.

Jambo hili lina historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya kwetu. Mwezi wa Novemba 1882 wamisionari waliokuwa Buganda waliondoka kwa kuhofia usalama wao, wakavuka ziwa, wakakaa Bukumbi, kusini ya Mwanza. Walirudi Buganda mwezi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu waumini wa kule hawakuwa na padre hata mmoja. Je, walitawanyika? La! Walifundishana wao kwa wao, na mapadre waliporudi wakawakuta wameongezeka. Mmoja wa waliofanya kazi hiyo alikuwa Mathia Mulumba, kule Mityana. Yeye ni miongoni mwa wafia dini 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964.

Tena, Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lile, aliagiza mtu afundishwe miaka 4 kabla ya kubatizwa. Mapadre walikuwa wachache mno kwa kazi ndefu namna hiyo. Walioibeba ni makatekista, na katika mashule yao ya miti na nyasi watu wengi walijifunza pia kusoma na kuandika.

Kanisa lenyewe limetambua deni hili. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi, inayotolewa na askofu kwa ibada maalumu. Heshima hiyo ni kubwa, lakini heshima peke yake hainunui tairi la baisikeli. Wengi wa makatekista wetu hawana mshahara. Waswahili husema, mcheza kwao hutunzwa. Mbona huyu acheza kwao na hatunzwi?

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwenu wenye mapato. Mtakapoletewa bajeti ya sherehe yo yote, ulizeni fungu la makatekista liko wapi: baisikeli, bima ya afya, nauli ya kwenda kwenye mafunzo. Likiwa halipo, liandikwe kwanza, ndipo tuhesabu gharama za turubai na vipaza sauti.

La pili ni kwetu sote. Turudipo nyumbani kwa sikukuu, tusikimbilie viti vya mbele. Twende kwenye jumuiya ndogo ndogo tulikozaliwa, tusikie mahitaji yao kwa masikio yetu.

La tatu ni kwenu, vijana. Kamateni daftari na kalamu, mwende kwa wazee wa vigango na vijiji vyenu. Waulizeni nani aliwafundisha kwanza, chini ya mti upi, mwaka gani. Andikeni majina ya waalimu hao, maana mengi yamo katika vichwa vya wazee tu, na wazee wanatuacha kila mwaka. Kazi hiyo haihitaji mchango wa fedha, na ifikapo 2028 itakuwa zawadi ambayo hakuna kamati inayoweza kuinunua sokoni.

Ndugu Mwenyekiti, ng'ombe wa sherehe huliwa kwa siku moja. Jumapili inayofuata kengele ya kigango italia tena, na mtu lazima awepo wa kuipiga. Tuhakikishe kwamba yupo, na kwamba ameshiba.