WATOTO WAFUNDISHWE MAJI NA NCHI YAO KWA MIKONO
Hotuba kwa wazazi, walimu na wafanyakazi wa machimbo, Bukavu

Sikuja kuhesabu mbele yenu vitabu visivyofika shuleni. Jambo hilo mnalijua kama mimi. Nimekuja kusema juu ya kazi ambayo mwalimu aweza kuianza Jumatatu bila kungoja kitabu, wala franka moja.

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko pale Nyamukubi, katika Kalehe, kando ya ziwa letu. Mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ikajaa, mawe na matope yakashukia Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Ninyi mlio hapa mnajua nani alipoteza nani.

Sasa tazameni shule zetu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuandika ubaoni, kwa Kifaransa, maana ya mmomonyoko wa udongo bila kosa hata moja. Mwulizeni basi kwa nini ukuta wa jirani umeanguka, na kwa nini njia aliyopita mwaka jana leo imekuwa korongo: ananyamaza. Ameshika neno tu. Na kitu chenyewe kiko nyuma ya nyumba yao, huko Kadutu, huko Bagira, hata Ibanda, ambako nyumba zinapanda mlima kila mwaka na miti inakatwa.

Basi tufanye hivi. Watoto walete chupa tatu kubwa za plastiki, zile zinazotupwa kila mahali. Mwalimu azikate ubavuni, azilaze, mdomo ukiinama kidogo na kizibo kimeondolewa. Zote tatu zitiwe udongo wa mahali pamoja. Ya kwanza ibaki na udongo mtupu. Ya pili ifunikwe majani makavu. Ya tatu ipandwe majani mabichi wiki tatu kabla ya somo, ili mizizi ishike. Siku yenyewe mtoto mmoja amwage nusu lita ya maji polepole juu ya kila chupa, na wenzake wayakinge kwa glasi yanapotoka. Ile ya kwanza itatoa maji mekundu mazito. Ile ya tatu itachelewa, na maji yake yatakuwa karibu meupe. Hapo mwalimu anyamaze, awaache wabishane. Kesho yake, matope yakiwa yametulia chini ya glasi, wayapime kwa rula na kuandika. Ndipo watumwe katika avenyu zao wenyewe, wakatafute: wapi pamekuwa kama chupa ya kwanza, wapi kama ya tatu, na maji ya mvua yanapita mlangoni kwa nani?

Mtu atasema chupa tatu haziwezi kuzuia mvua kama ile ya Kalehe. Ni kweli, haziwezi. Lakini mtoto aliyeona udongo ukikimbia mbele ya macho yake atauliza swali siku baba yake anaponunua kiwanja ndani ya njia ya maji kwa sababu bei yake ni ndogo. Mimi nataka aulize swali hilo mapema, kabla ya msingi kuchimbwa.

Mvua yenyewe nayo ipimwe. Kopo lenye kuta zilizonyooka liwekwe uani, mbali na miti na paa, na kila asubuhi mtoto wa zamu aingize rula, aandike milimeta, kisha amwage. Milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la meta 5 kwa 8 ni meta za mraba 40. Mvua ya milimeta 30 ikinyesha juu yake, zimeshuka lita 1,200, yaani bidoni 60 za lita 20. Hesabu hiyo mama anayeamka usiku kungoja maji bombani ataielewa kabla ya mwanawe. Nyumba yenye mfereji wa bati na pipa haiokoti maji yote hayo, lakini hata theluthi yake ni kazi ya siku nyingi.

Juu ya maji ya kunywa nina onyo. Chujio la mchanga na makala watoto hulipenda sana, na walimu hulipenda zaidi, maana maji huingia machafu, yakatoka meupe, na darasa likapiga makofi. Somo lisiishie kwenye makofi! Vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho. Maji yaliyochujwa yachemshwe. Asiye na makala ya kuchemshia ayatie katika chupa safi ya plastiki nyeupe, ailaze juani kwa muda wa saa sita jua likiwa kali, au siku mbili kama mbingu ina mawingu.

Sasa ziwa. Twaishi juu ya rasi tano zilizoingia majini kama vidole vya mkono, na watoto wengi hawajui ziwa hili lilipatikana namna gani. Waende uani, wafinyange bonde la udongo, wamwage maji yaelekee kaskazini, upande wa Ziwa Edward, kama yalivyokwenda zamani za kale. Kisha waweke milima ya moto ya Virunga katikati. Njia imezibika; maji yanapanda, yanapanda, mpaka yanapata mlango kusini. Mlango huo ni Ruzizi. Ziwa Kivu liko kwenye meta 1,460, Tanganyika liko chini yake karibu meta 700, na ndiyo maana mto huu una nguvu ya kuzungusha mitambo ya umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Na zile chupa za plastiki tunazozitupa katika mifereji ya Kadutu zinafika wapi? Zinateremka ziwani, zinakwenda mlangoni kwa Ruzizi, na zimeziba mitambo zaidi ya mara moja, mji ukalala gizani. Watoto wahesabu chupa zinazopita katika mfereji mmoja baada ya mvua moja. Hesabu hiyo wailete nyumbani.

Ninyi wachimbaji msidhani hamna kazi katika shule. Mzazi anayejua kuosha dhahabu aje na beseni lake, mchanga wa mto na misumari midogo michache. Azungushe ndani ya maji: mchanga unaondoka, misumari inabaki. Kwa nini? Walimu wana kurasa nyingi juu ya uzito wa vitu, wala hazifikii beseni hilo. Lakini zebaki isiingie darasani hata tone moja. Tena, yeyote anayeichoma nyumbani ili kupata dhahabu, mvuke wake unaingia katika mapafu ya watoto na kuharibu mishipa ya fahamu, na sufuria iliyochomewa zebaki isipikiwe sombe tena kamwe. Waambieni pia watoto habari ya Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, maji ya mvua yalipoingia katika mashimo ya dhahabu na watu wapatao 50 wakafa. Daftari la mvua ni kitu cha mchimbaji vilevile.

Mnaniuliza urithi wa kwetu umo wapi katika mambo haya. Umo ndani yake. Chukueni sambaza. Watoto hudhani samaki huyu aliumbwa pamoja na ziwa. Aliletwa kutoka Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, na wazee waliokula samaki wa ziwa kabla yake wako bado katika nyumba zetu. Mtoto aende kwa bibi yake, aulize walivua nini, kwa chombo gani, na wavuvi waliimba nini usiku, aandike kama bibi alivyosema, kwa Kiswahili au kwa Kishi. Aulize na majina: mji huu uliitwa Costermansville mpaka mwaka 1954, na kilima chenye jina la zamani kuliko hilo kina habari yake. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inaruhusu lugha zetu za taifa katika kufundisha, kwa hiyo hakuna mwalimu wa kuogopa.

Tena kuna walimu tunaowasahau. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na Batwa walioishi katika msitu ule wakafukuzwa katika miaka iliyofuata. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu kwamba haki zao zilivunjwa. Watu hawa wanajua miti, dawa, asali na nyayo za wanyama kuliko mtu yeyote mjini. Mzee wa Kitwa aitwe darasani, akae kwenye kiti cha mwalimu, na alipwe siku yake kama fundi mwingine. Watoto wakimcheka, mwalimu amwombe awaulize majina ya miti kumi.

Najua darasa limejaa; tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazilipiwi, na watoto ni wengi kuliko mabenchi. Basi wagawanywe sita sita, na kila kundi liwe na chupa zake. Chupa hazijatuishia.

Jumatatu tuanze na kopo na daftari tu. Mtoto wa zamu asome saa moja asubuhi, si saa nne anapokumbuka. Na ufunguo wa ua upewe jamaa anayekaa karibu na shule, kwa sababu mvua ya Jumapili nayo ihesabiwe.