Simu Janja Dukani

  Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: programu, salio, muamala. Tutayatumia leo.

Wengi wenu ni wenye maduka, mama lishe, mafundi cherehani na wauza mboga. Mmekwisha kusikia watu wakisema, "Nunua simu janja, biashara itakua." Je, ni kweli? Ni kweli, lakini kwa mwenye kusoma.

Tuanze nyuma kidogo. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikaanza hapa Tanzania. Haikuhitaji simu janja. Simu ndogo ya vibonyezo ilitosha, na hata leo inatosha.

Basi, simu janja inaongeza nini? Inaweza kuwekwa programu. Programu ni kama mtumishi aliyefundishwa kazi yake: huyu hupokea malipo, yule huandika mauzo, na mwingine humwonyesha mteja aliye mbali picha za vitambaa vyako. Tovuti nayo hufanya kazi kama hizo, ila haikai ndani ya simu. Unaifungua kwa intaneti kila unapoihitaji. Zote mbili hula bando, kwa hiyo mwenye duka na aihesabu gharama hiyo pamoja na gharama zake nyingine.

Sasa nitawaambieni jambo lililotokea nyumbani kwetu. Shangazi yangu ana duka la vyakula. Jioni moja, wateja wamejaa, kijana alichukua mchele na mafuta, jumla shilingi 18,500. Akamwonyesha shangazi kioo cha simu yake. "Mama, nimelipa, tazama." Shangazi hakujua kusoma. Aliona tarakimu 18,500, akaridhika, akamfungia mzigo. Usiku niliisoma simu yake. Hapakuwa na malipo yo yote. Mchele umekwenda, mafuta yamekwenda, na faida ya siku nzima imekwenda. Shangazi akaniambia, "Nilitazama, mwanangu, lakini sikuona."

Basi, yashikeni mambo manne.

Kwanza, soma simu yako mwenyewe, si ya mteja. Picha ya malipo ni rahisi kughushi.

Pili, soma salio, yaani fedha zilizomo katika akaunti yako. Tufanye hesabu. Kabla ya mteja kulipa, salio lilikuwa shilingi 42,000. Amelipa 18,500. Jumlisheni katika madaftari yenu. Jibu ni 60,500. Ujumbe ukikuambia kwamba umepokea fedha, usiharakishe kufunga mzigo. Fungua programu yako ya malipo, utazame salio na orodha ya miamala. Tapeli anaweza kutunga ujumbe na kukutumia, lakini ujumbe wake hauongezi hata shilingi moja katika salio lako.

Tatu, namba ya siri ni yako peke yako. Usimpe kijana anayekusaidia dukani, wala mtu anayekupigia simu na kudai kwamba ni mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Nne, ukipata ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii," usitume. Mpigie kwanza unayemdhania, kwa namba yake unayoijua. Wala usiweke katika simu yako programu uliyotumiwa na mtu usiyemjua.

Shangazi sasa anasoma katika darasa kama lenu. Siku moja nilikuwa nimekaa dukani kwake. Mteja mmoja akamnyoshea simu, akasema, "Nimelipa, mama." Shangazi akavaa miwani. "Ngoja kidogo, baba, nisome yangu." Akasoma polepole, huku kidole kikifuata maneno. Fedha zilikuwa zimeingia. "Asante, baba. Karibu tena." Mteja hakukasirika, na shangazi hakupata hasara.

Kazi ya nyumbani ni hii. Salio la fundi cherehani ni shilingi 27,300. Mteja amemlipa 6,700. Je, salio jipya litakuwa shilingi ngapi? Kisha andikeni sentensi tatu, kila moja iwe na neno moja kati ya yale yaliyo ubaoni.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka wiki ijayo.