Kuhifadhi Nakala za Kompyuta ya Nyumbani kwa Wakazi Wasioona

Matini ya mazungumzo kwa wakazi



Kompyuta ya nyumbani huharibika bila kubisha hodi. Stima hupotea na kurudi kwa nguvu, chai humwagika kwenye kibodi, mwizi huvunja mlango, au diski huchoka tu kwa umri. Hasara hiyo humuuma kila mtu. Hata hivyo, mwenye macho mara nyingi ana daftari au karatasi mahali fulani kabatini. Mkazi asiyeona hana kimbilio hilo. Barua iliyo kwenye karatasi humlazimu kutafuta mtu wa kumsomea. Barua hiyo hiyo ikiwa kwenye kompyuta, huisoma mwenyewe kwa kisomaskrini, yaani programu inayotamka yaliyo kwenye skrini huku yeye akitumia kibodi. Faili zikipotea, hupoteza pia uhuru wa kujisomea.

Chukua mfano wa mwalimu wa Historia asiyeona. Maandalio ya masomo ya miaka 10, alama za wanafunzi, barua za kazi na hati za shamba zilizoskaniwa, zote zimo katika kompyuta moja. Fundi alimwekea nakala kwenye diski ya nje, na mwalimu akalala usingizi mzuri. Siku kompyuta inapokufa, anagundua kwamba nakala ile hufunguliwa kwa programu isiyosomeka na kisomaskrini. Faili zimo mkononi mwake, na bado hawezi kuzifikia.

Kwa hiyo jambo kuu ni hili: nakala ya kweli ni ile ambayo mwenyewe anaweza kuirejesha, kwa masikio yake na kibodi yake.

Wapi pa kuweka nakala

Kanuni inayotumika na wengi huitwa tatu, mbili, moja. Faili ziwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na nakala moja ikae nje ya nyumba. Nyumbani, maana yake ni faili zenyewe kwenye kompyuta, nakala kwenye diski ya nje, na nyingine kwenye hifadhi ya wingu au nyumbani kwa jamaa wa kuaminika.

Hifadhi ya wingu ina nafasi ya bure ya kuanzia. Google hutoa GB 15 na OneDrive GB 5, kiasi kinachotosha maandishi ya miaka mingi, ingawa video hujaza haraka na hula bando. Tahadhari ni moja: faili inayofutwa kwenye folda iliyounganishwa na wingu hufutwa huko pia. Hukaa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha huondoka. Ndiyo maana wingu peke yake halitoshi.

Diski za nje hufanana mkononi. Mwenye diski mbili azitie alama za kuguswa: lebo ya Braille, au mpira mmoja kwa diski ya kwanza na mipira miwili kwa ya pili. Azitumie kwa zamu, na ile isiyotumika ichomolewe kabisa. Virusi vinavyofunga faili ili kudai pesa hufunga pia diski iliyochomekwa.

Njia ya kunakili

Kabla ya kununua programu yoyote ya nakala, mtumiaji aijaribu kwa kitufe cha Tab. Kila anapotua, sauti inapaswa kutaja jina la kitu na hali yake. Ikiwa yote yanayosikika ni "kitufe, kitufe, kitufe" bila majina, programu hiyo haimfai, hata ikisifiwa namna gani.

Njia rahisi kuliko zote ni kunakili kwa mkono. Windows na E hufungua orodha ya folda. Mtumiaji huchagua folda ya hati zake, hubonyeza Control na C, huenda kwenye diski ya nje, kisha Control na V. Kazi ikiisha asiamini ukimya. Abonyeze Alt na Enter juu ya folda ya kompyuta, kisha juu ya ile ya diski. Kila mara atasomewa ukubwa na idadi ya faili, na hesabu hizo mbili zinapaswa kulingana.

Anayetaka kazi ifanyike yenyewe anaweza kutumia File History, iliyomo ndani ya Windows bila malipo. Hupatikana kwenye Control Panel, na hufanya kazi kwa vitufe vya kawaida ambavyo visomaskrini huvitambua. Ikishawashwa na diski ikiwa imechomekwa, hunakili mabadiliko kila saa moja na kutunza matoleo ya zamani ya faili. Lakini hushughulikia folda za kawaida tu, kama vile za hati, picha, muziki na ile ya Desktop. Aliyeweka kazi zake kwenye folda ya pembeni aihamishie huko kwanza.

Sauti nayo ihifadhiwe

Wengi huhifadhi faili na kusahau kisomaskrini chenyewe. NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, inaweza kutengeneza nakala yake ya kubeba kwenye flashi. Mtumiaji hubonyeza Insert na N, huingia Tools, kisha huchagua kutengeneza nakala ya kubeba na kuweka alama kwenye sehemu ya kuchukua mipangilio yake. Hapo kasi ya sauti, lugha na kamusi ya matamshi aliyoirekebisha kwa majina ya watu na miji ya huku vyote huenda naye. Kompyuta ikiharibika, huchomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya jirani inayotumia Windows na kuendelea na kazi. Anayetumia JAWS ahifadhi pia mipangilio yake na nambari ya leseni nje ya kompyuta.

Siku ya kurejesha

Mafundi wengi hupendelea kupiga picha ya diski nzima, ili kompyuta irudi jinsi ilivyokuwa. Kwa mwenye macho ni njia nzuri. Shida ni kwamba urejeshaji wake mara nyingi huanzia nje ya Windows, mahali ambapo NVDA wala JAWS hazipo. Asiyeona hubaki mbele ya skrini isiyosema lolote, akisubiri mtu.

Njia inayomwachia uhuru ni kuweka Windows upya kisha kurudisha faili. Wakati wa kuweka Windows 10 au 11, vitufe vya Control, Windows na Enter vikibonyezwa pamoja huwasha Narrator, kisomaskrini cha Windows yenyewe. Sauti isiposikika kwenye spika, vipokea sauti vya USB mara nyingi husaidia. Baada ya hapo mtumiaji huweka NVDA na kunakili folda zake kutoka kwenye diski. Kazi hii huchukua saa nyingi zaidi, lakini haimlazimu kuazima macho ya mtu.

Kila mwezi yafaa kufanya jaribio dogo. Achague faili moja, abadilishe jina lake kwenye kompyuta, kisha aitafute ile ya zamani kwenye nakala, aifungue na asikilize aya mbili. Ikisomeka, nakala iko hai. Isiposomeka, amejua mapema.

Wajibu wa walio karibu

Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Nyumbani haki hiyo huanza kwa mambo madogo. Familia isihamishe diski bila kumwambia mwenyewe. Fundi asifunge kazi kabla mwenye kompyuta hajafungua faili moja kutoka kwenye nakala, skrini ikiwa imezimwa. Na anayesaidia kuingiza nywila akumbuke kwamba barua, alama na hati anazoziona ni siri za mtu.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, faili moja muhimu inaweza kunakiliwa kwenye flashi na kusikilizwa. Huo ni mwanzo unaotosha.