MAONI BAADA YA HABARI: Daktari wa Wazee na Askari Aliyestaafu



Usiku mmoja wa majira ya mvua, huko Midia wilayani Koboko, mzee mmoja aliyepata kuwa koplo jeshini aliamka usingizini, akavaa koti lake, akatoka uani na kuanza kuwapanga mstari watu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Aliwaita kwa majina yao. Baadhi ya majina hayo yalikuwa ya askari waliokufa zamani. Mzee huyo ni baba yangu mdogo, nami nilikuwapo. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amehesabu fedha za tumbaku yake mbele yetu, na hakukosea hata shilingi mia.

Majirani walisema ni mapepo. Wengine walinong'ona habari ya uchawi. Mimi, kwa kuwa nilisoma hadi sekondari, nilisema ni uzee tu. Sote tulikosea. Kulipokucha tulimpeleka katika zahanati moja ambayo haina haja kuitaja. Kijana aliyekuwa zamu, mwenye adabu lakini mwenye haraka, alimtazama kidogo akampa dawa ya kumlaza. Usiku wa pili mzee alijaribu kuinuka akiwa bado na ulevi wa dawa ile, akaanguka, akavunjika nyonga. Siku ya tano daktari mwingine akapima mkojo wake na kukuta umeingiwa na vijidudu. Dawa ya juma moja ilimrudishia akili yake yote. Mguu haukurudi ulivyokuwa.

Mchafuko wa akili wa namna hiyo, unaozuka ghafla katika siku moja au mbili, unajulikana sana na matabibu waliosomea magonjwa ya wazee. Kijana akishikwa na homa ya mapafu hukohoa na mwili ukawaka moto. Mzee aweza kuwa na ugonjwa uo huo bila kikohozi wala joto. Dalili ya kwanza ikawa ni kupotewa na fahamu, au kuanguka, au kukataa chakula. Tena figo za mzee hufanya kazi polepole kuliko zamani, na dawa za usingizi kama Valium hukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi. Kipimo kinachomfaa kijana wa miaka 25 chaweza kumwangusha mtu wa miaka 75. Mambo haya si siri. Lakini hapana budi mtu afundishwe.

Wala hatumlaumu kijana wa zahanati ile. Alifundishwa kumtazama mtoto na mama mjamzito, na kwa nchi yetu hilo ni jambo la haki, maana hesabu ya watu ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa tumefika karibu milioni 46, na nusu hivi ni watoto walio chini ya miaka 18. Chuo cha utabibu kilichoanzishwa Mulago mwaka 1924, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Makerere, kimetoa mabingwa wa watoto, wa uzazi na wa upasuaji kwa miaka mingi. Mzee naye huingia wodi ya watu wazima, akalazwa kando ya kijana aliyeanguka na pikipiki, na kutibiwa kama kijana huyo, isipokuwa mvi.

Huko Uingereza nako mambo yalikuwa hivyo hivyo, na pengine mabaya zaidi. Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke, Marjory Warren, ambaye alikuwa amejifunza upasuaji, alikabidhiwa huko London wagonjwa 714 waliokuwa katika nyumba ya zamani ya maskini. Wengi walikuwa wazee waliolala vitandani miaka na miaka, na hakuna aliyeuliza wanaumwa nini. Yeye aliwapima mmoja mmoja. Aliwatenga wanaoweza kupona na wasioweza, akawaondoa kitandani, akawafundisha tena kutembea. Wengi wakarudi makwao. Neno la Kiingereza la utabibu huo lilikuwa limetungwa tangu mwaka 1909 na daktari Nascher wa New York, lakini kazi yenyewe ndiyo iliyoanzia katika vitanda vile.

Hapa tungependa askari wasikilize kwa makini. Daktari mwingine wa mwanzo, Trevor Howell, alijifunza habari za uzee kwa kuwatunza askari wastaafu wa Chelsea, wale wazee wenye makoti mekundu, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947 yeye na wenzake wakaunda chama cha madaktari wa wazee cha Uingereza. Na Marekani, idara inayowahudumia waliopata kuwa wanajeshi ilianza mwaka 1975 kufungua vituo maalumu vya utafiti, mafunzo na matibabu ya wazee, kwa sababu iliona waziwazi kwamba vijana waliopigana Ulaya na Pasifiki wangezeeka wote kwa pamoja. Kwa hiyo elimu hii kwa sehemu kubwa ilitoka katika mikono ya watu waliowatunza askari.

Afrika je? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, uliozihusu nchi 40 za bara letu, ulikuta kwamba nyingi zao hazikuwa na mafunzo rasmi ya utabibu wa wazee, si kwa mwanafunzi wa udaktari wala kwa daktari anayetaka ubingwa. Misri wanafundisha, katika Chuo cha Ain Shams. Afrika ya Kusini wanafundisha. Ibadan, nchini Nigeria, kituo cha wazee kilifunguliwa hospitalini mwaka 2012. Jirani zetu wa Tanzania, katika wilaya ya Hai chini ya mlima Kilimanjaro, walipita kijiji kwa kijiji wakawapima watu wa miaka 70 na zaidi, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Ugonjwa huo huja polepole kwa miaka, na si ule wa ghafla uliompata baba yangu mdogo. Kuutofautisha mmoja na mwingine ndiyo nusu ya elimu yenyewe.

Yupo atakayesema kwamba wodi za wazee ni desturi ya Wazungu, kwamba sisi wazee wetu hukaa nyumbani na kutunzwa na jamaa. Ni kweli, na twashukuru. Nyumbani kwetu Midia mzee hakosi mtu wa kumchotea maji. Ila huyo anayemchotea maji hawezi kupima mkojo. Serikali imekwisha kulitambua jambo hili kwa upande wa fedha: Katiba ya mwaka 1995 yataja ulinzi wa wazee, sera ya wazee ilitolewa mwaka 2009, na ule msaada wa shilingi 25,000 kwa mwezi ulioanza katika wilaya chache ulienezwa baadaye nchi nzima kwa wenye miaka 80 na zaidi. Fedha hizo zampandisha mzee kwenye pikipiki hadi hospitali ya Koboko, au kwenye taksi ya kufuata lami hadi Arua. Akifika, ni nani atakayempokea?

Hatuombi jeshi la mabingwa. Daktari husoma miaka mitano, akafanya kazi ya majaribio mwaka mmoja, na ubingwa humchukua mitatu mingine. Kwa hiyo watakuwa wachache. Lakini wachache wakiwa walimu, watawafundisha matabibu wa zahanati mambo ambayo hayahitaji mashine. Mzee huambiwa ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi aketi, huku saa ikihesabu. Askari yeyote aliyefunzwa gwaride aweza kuona mguu gani unaburutwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha mwongozo wa kazi hii mwaka 2019, nacho kiliandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Kikosi cha tiba cha jeshi na kile cha polisi vina madaktari wao, na vyaweza kupeleka wawili au watatu masomoni bila kungoja wizara nyingine.

Nanyi polisi wa zamu ya usiku, mnaletewa mara kwa mara mzee aliyeokotwa barabarani, hajui kwake, anatukana, anarusha mikono. Kitabuni huandikwa mlevi, au mwenda wazimu. Mwulizeni aliyemleta: hali hii imeanza lini? Akijibu kwamba ni miaka, mtafuteni jamaa yake. Akijibu kwamba ni tangu jana, basi huyo ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali usiku huo huo, na asitiwe chumba cha mahabusu.

Daktari yule aliyepima mkojo wa baba yangu mdogo nilimwuliza alijifunzia wapi kuutafuta ugonjwa kule. Alisema chuoni hakufundishwa. Bibi yake aliugua namna ile ile alipokuwa angali mwanafunzi, wakamfunga kamba kitandani, naye akafa kabla mtu hajafikiri kumpima.