Njia ya Tembo na Njia ya Treni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana. Tunaichapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu.)



Mada niliyopewa ni wanyama pori na maendeleo ya nchi. Watu wengi hudhani kwamba mambo haya mawili ni maadui, na kwamba anayetaka moja sharti aache jingine. Lakini swali lenyewe haliko hapo. Swali ni hili: tunapojenga reli, barabara au uzio, je, tumemwachia mnyama mahali pa kupita? Na tusipomwachia, hasara humwangukia nani?

Kwanza yafaa tufahamu kwa nini tembo hutembea. Tembo mkubwa huweza kula zaidi ya kilo 100 za majani na magome kwa siku moja, naye huhitaji maji mengi. Mvua za nyika hazinyeshi mahali pamoja wala wakati mmoja. Basi hana budi kuifuata mvua. Kumzuia kutembea ni kumzuia kula.

Sasa tutazame Tsavo, nchini Kenya. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zilianzishwa mwaka 1948, na katika hesabu ya mwaka 2021 eneo hilo lilikuwa na tembo karibu 15,000, kundi kubwa kuliko yote nchini humo. Katikati ya mbuga hizo mbili ilikwishapita reli ya zamani ya Waingereza, ikafuata barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Mwezi Mei 2017 ikazinduliwa reli mpya ya kisasa, iliyojengwa juu ya tuta refu na kuwekewa uzio. Wajenzi hawakuwasahau wanyama kabisa, kwani waliacha vivuko sita chini ya reli kwa ajili yao.

Je, vivuko hivyo vilifaa? Jambo hili halikuachiwa dhana. Mwaka 2016, wakati ujenzi ukiendelea, watafiti wa Save the Elephants pamoja na Shirika la Wanyamapori la Kenya waliwafunga tembo 10 mikanda ya shingoni yenye vyombo vya kupeleka habari kwa satelaiti. Ilidhihirika kwamba baadhi yao walijifunza kupita chini ya reli, tena si katika vivuko vyao tu, bali hata chini ya madaraja na katika makalvati. Wengine walifika kwenye tuta wakageuka nyuma. Fundisho lake ni wazi: kivuko husaidia, lakini hakitoshi kuwepo tu. Sharti kiwe mahali ambapo tembo wamezoea kupita, na pande zake zote mbili ziwe wazi. Kivuko kinachomtoa tembo kwenye shamba la mahindi si kivuko, bali ni mtego kwa tembo na kwa mkulima pia.

Ndugu zangu, msidhani kwamba lawama ni ya reli na barabara peke yake. Hata kazi ya kuhifadhi inaweza kufunga njia. Uzio wa umeme uliozunguka milima ya Aberdare, wenye urefu wa kilomita 400 hivi, ulianza kujengwa mwaka 1989 ukamalizika mwaka 2009. Umewapa wakulima usingizi, na umeulinda msitu usikatwe ovyo. Hiyo ni faida kubwa, wala hatuwezi kuikana. Lakini uzio unaomzuia tembo asitoke humzuia pia asihame ukame unapokuja.

Madhara ya uzio yalionekana mapema huko Botswana. Nchi hiyo ilijenga nyuzio ndefu ili ng'ombe wasiambukizwe magonjwa na wanyama pori. Katika ukame wa miaka ya 1980, makumi ya maelfu ya nyumbu walikufa kwa kiu na njaa, njia zao za kwenda kwenye maji zikiwa zimezibwa. Lakini nchi hiyo hiyo inatupa matumaini. Uzio mmoja uliojengwa mwaka 1968 uliondolewa mwaka 2004. Haukupita muda mrefu, pundamilia wakaonekana wakihama tena kutoka Okavango hadi Makgadikgadi, safari ya kilomita 588 kwenda na kurudi. Pundamilia haishi miaka 36 porini. Kwa hiyo waliohama hawakuwa wale waliowahi kuiona njia hiyo. Njia ilipofunguliwa, waliigundua upya.

Na mfano mwema uko karibu nasi. Mwaka 2011 ulifunguliwa ushoroba wa kilomita 14 hivi kati ya msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare. Wenye mashamba makubwa walitoa sehemu ya ardhi yao, na chini ya barabara ya Nanyuki na Meru kikajengwa kivuko. Mara tu baada ya kufunguliwa, tembo dume alipita, na wengine wakamfuata.

Ni nani basi hulipa njia inapozibwa? Tembo aliyezuiwa hayeyuki. Huingia kijijini. Anayelipa ni mama aliyelala njaa baada ya shamba lake kuliwa usiku mmoja, na yatima ambaye baba yake alikanyagwa alfajiri. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Lakini hakuna fedha inayomrudisha mzazi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili twaweza kusema, usipoacha upenyo utajenga makaburi. Nyinyi vijana, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, madiwani na wapimaji wa ardhi. Ramani itakapowekwa mezani, ulizeni kabla jiwe la kwanza halijawekwa: wanyama hupita wapi? Waulizeni wazee wa mahali pale na wachungaji, kisha waulizeni watafiti. Ardhi ni amana mikononi mwetu, na aliyepewa amana ataulizwa.