Visanduku vya vyombo kwanza, mashini ya kuranti baadaye

Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa wanachama, Lubumbashi



Nimeombwa kusema juu ya vyombo vya kazi ya mikono ya nyumbani, ile tunafanyaka jioni kisha chakula. Nitasema vile ninapenda na sababu yake, kwa maana leo tunaamua feza ya kikundi itanunua nini. Wengi wanataka mashini mbili za kuranti. Mimi nasema: bado.

Siku kuranti inakatwa, ile mashini inakuwa meza tu. Mashini ya kukanyaga na muguu inaendelea kushona. Inadai mafuta kidogo, mukaba wa ngozi na shindano inayofaa: namba 14 kwa kikwembe, namba 16 kwa kitambaa kigumu kama jinzi. Shindano ikipinda, itupe. Usingoje ikate nyuzi.

Lakini chombo ninachopenda kuliko vyote ni kroshe. Wale tulipita Kala, Mwange ao Meheba, kule Zambia, tunajua kuitengeneza: waya moja ya gurudumu la kinga kuukuu, unachimba kimudomo na tupa, unasugua na musasa mpaka isishike uzi. Unene wake ni milimeta 2 hivi, inafaa nyuzi za pamba, za vitambaa vya meza. Kwa sufu nene, chonga ya muti. Kroshe inaingia mufukoni. Ukilazimika kukimbia, inakimbia na wewe.

Makasi, kuwe na mbili: ya kitambaa na ya karatasi. Karatasi inaua makali.

Batata wanapenda shaba. Si ajabu, jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba toka 1971 mpaka 1997. Kwa picha ya ukutani unahitaji bati jembamba la shaba, nyundo ndogo, misumari iliyosuguliwa ncha, na mufuko wa muchanga wa kulazia. Shaba ikikuwa ngumu, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, kisha izamishe ndani ya maji: italegea tena. Wenye kukata malakiti, musiikate kavu. Vumbi yake ni mbaya kwa mapafu. Loweshe jiwe, funika pua, batoto wakae mbali. Na shaba ununue ile unajua imetoka wapi; waya iliyokatwa usiku italeta polisi nyumbani.

Basi pendekezo langu: mashini moja ya kukanyaga, tuitumie kwa zamu. Feza inayobaki ijaze visanduku: kroshe, makasi, shindano, tupa, nyundo ndogo, pensi. Mutu anaazima wiki mbili, jina linaandikwa kwenye daftari, anarudisha chombo chenye makali. Akipoteza, analipa kidogo kidogo.

Fikirini mama aliyerudi juzi, anakaa kwa ndugu ndani ya chumba kimoja. Mashini hana pa kuiweka. Kroshe ataiweka chini ya muto, na kisha siku chache atakuwa na kitu cha kuuzisha.

Wafadhili, mukituuliza mutume nini: makasi nzuri na tupa. Nyuzi tutanunua wenyewe kwenye soko ya Kenya.

Ninaomba tupige kura leo.